Alhamisi za Kupepeta Mchele

Mimi ni mwalimu wa muziki nisiyeweza kupiga makofi. Wenzangu wakipiga, mimi nimeshachelewa. Nikijihimiza, nafika kabla yao. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nataka kujisifu. Mtaala mpya ulipokuja na somo lake la Sanaa, na kitabu kikasema watoto wafundishwe muziki wa jamii inayowazunguka, mwalimu mkuu alitupitia kwa macho mmoja mmoja pale chumba cha walimu, kisha macho yakaja kutua kwangu. Ni mtu wa bara, muungwana, alikuwa na miaka miwili tu kisiwani. Akasema, "Madam, wewe si ni wa hapa hapa?" Kwa hesabu yake, kila aliyezaliwa Lamu amezaliwa na ngoma mkononi. Nilitaka kumjibu vibaya. Nikasema sawa.

Nilisema sawa kwa sababu ya mama mkubwa wangu, dada yake mama, aliyekuwa kiongozi wa vugo. Vugo ni ngoma yetu ya wanawake, ya harusi. Kila mmoja hushika pembe ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto na kijiti kwa mkono wa kulia, wakajipanga safu mbili, wakapita vichochoroni wakigonga na kuimba mpaka wasimame mlangoni kwa bibi harusi. Miaka na miaka hapakupita harusi ya maana mtaani petu bila sauti yake kutangulia. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilimwomba aniingize safuni, akaniingiza. Tulipofika kona ya pili akanitoa. Alinipokonya pembe mbele za watu, akaniambia, "Wewe maneno unayo, mwanangu. Mkono huna." Nililia njia nzima, kisha nikaenda nyumbani nikayaandika hayo maneno ninayoyajua kwenye daftari, kwa hasira. Sasa ninayo madaftari matatu.

Kwa hiyo niliona jambo ni jepesi. Mimi nina maneno, yeye ana mkono, watoto watapata vyote viwili. Wiki ile ile mumewe akafariki.

Marehemu alikuwa na duka la misumari, kamba na rangi za mashua. Mwanamume haingii kwenye vugo, lakini vugo hupita njiani, na masikio hayana mlango. Alikuwa akikaa kwenye baraza ya duka lake akilisikiliza likija, likipita na kuondoka. Asubuhi yake, juu ya chai na mahamri, alitoa hukumu. "Yana safu ya nyuma ililimatia," yaani jana ilichelewa. Au, "Yana ulikuwa na mafua, ulijificha nyuma ya wenzako." Hakuna mtu mwingine mji mzima aliyethubutu kumwambia mama mkubwa maneno hayo. Mama mkubwa hununa mpaka adhuhuri, na harusi ifuatayo kosa lile halipo tena.

Matanga yalipokwisha nilimkuta mama mkubwa chumbani, ndani ya eda. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi: hajipambi, hajitii manukato, hatoki nyumbani ila kwa dharura. Kuimba hata hakutajwi. Akanionyesha kapu lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na pembe tisa, nyeusi, zimelainika kwa viganja vya watu.

"Tukua," akaniambia. "Kazitundike ukutani huko shule, watoto wazione."

"Na eda ikisha, utapigia nini?"

"Nimpigie nani? Aliyekuwa akinisikia kafa."

Nilizichukua, lakini sikuzitundika. Kitu kikishatundikwa ukutani, kimekwisha. Watu hukitolea vumbi tu. Nilizifungia kabatini kwa mwalimu mkuu, nikajiambia kwamba nina miezi minne na siku kumi za kumrudisha mama mkubwa kwenye pembe zake. Nilimpenda tangu utotoni, pamoja na ule ukali wake, na niliogopa. Kila nilipokwenda kumtazama alikuwa amepungua kidogo. Alikula vijiko viwili, akasema maneno matatu, akarudi kwenye tasbihi yake.

Nilichagua wasichana tisa, kwa kuwa pembe zilikuwa tisa. Wavulana walipewa mwalimu mwenzangu, akawa anawafundisha kirumbizi, ngoma ya wanaume ya fimbo. Wangu walikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na msichana wa kijiji cha Chundwa, aliyeletwa kwa shangazi yake mjini kwa ajili ya masomo, mkimya, mwenye paji la uso pana, anayejibu baada ya kufikiri. Kulikuwa na binti wa askari polisi, mzaliwa wa Nakuru, asiyefikiri hata kidogo kabla ya kuuliza. Niliwafundisha maneno kutoka kwenye madaftari yangu, wao wakagonga rula juu ya madawati. Walimu wa madarasa ya jirani wakatushtaki, na haki walikuwa nayo.

Kila Alhamisi baada ya shule nilikuwa nikienda kukaa na mama mkubwa. Alhamisi moja darasa letu lilikuwa linapakwa rangi, sina pa kuwaweka watoto, nikaenda nao. Walisalimia, wakakaa kwenye kiwanda cha nyumba, ule uwanja mdogo wa katikati ulio wazi juu, na kama watoto waliolelewa vyema hawakuweza kukaa bure. Pale pembeni palikuwa na mchele na teo, zile nyungo zetu za kusukwa, nyingine tukaziazima kwa majirani. Wakaanza kupepeta. Kila mmoja na lake, kama watu tisa wanaoshuka ngazi gizani.

Mama mkubwa alivumilia chumbani kwa muda. Kisha nikasikia sauti yake.

"Mwapepeta mtele, au mwafukuza kuku?"

Akatoka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akitembea haraka tangu mumewe azikwe. Akachukua uteo mikononi mwa msichana wa Chundwa, akajiinamia kidogo, akaanza. "Mbili za kurusha, moya ya kupokea, kisha nyamaza. Mbili, moya, nyamaza. Ule mnyamazo ndio wenye kazi." Mchele uliruka ukarudi, ukagonga uteo, ukatulia. Hiyo ilikuwa ni mipigo ya vugo ya kuingilia mtaani, ileile niliyotolewa safuni kwa ajili yake. Nikamtazama. Hakunitazama.

"Musinitizame mimi," akawaambia watoto, ingawa aliyekuwa akimtazama ni mimi. "Mimi napepeta mtele."

Basi ikawa ndiyo ada yetu. Kila Alhamisi tulikwenda kumsaidia mjane kupepeta mchele, na hakuna mtu mtaani aliyeweza kusema neno, kwani kumsaidia mjane ni thawabu. Hakutaja ngoma hata siku moja, hakutaja wimbo wala pembe. Alisema, "Mtele wako walimatia," au, "Wewe mtele wako una haraka, kwani wenda wapi?" Nami siku moja nilichukua uteo nijaribu. Alisikiliza kidogo, akaninyang'anya, akanipa kisu na vitunguu.

Shida ni kwamba mchele wenyewe ulikuwa kilo mbili. Wiki ya tatu binti wa askari aliuinamia uteo wake akauchunguza.

"Ticha, si huu mchele ni ule wa wiki jana? Uko safi kuliko ule wa supamaketi!"

"Pepeta," nikamwambia.

Tangu hapo nikawa napita kwenye mashine ya kusaga kununua makapi, nayaficha ndani ya mkoba wangu, nayachanganya na mchele kule jikoni kabla watoto hawajakaa. Mwenye mashine aliniuliza kama nafuga bata. Nikamwambia ndiyo, bata tisa. Mama mkubwa aliniona siku moja nikimimina makapi yangu kwenye mchele wake uliotakata. Alisimama mlangoni mwa jiko, akanitazama mpaka nikamaliza, akaondoka. Niliona mabega yake yakitikisika, na nilifurahi kupita kiasi, maana nilijua anacheka.

Alibadilika, hilo halina shaka. Alianza kula. Kila Jumatano jioni simu yangu ililia, naye bila salamu akaniuliza, "Kesho mwaya?" Nikimwambia tunakuja, anakata. Alimjua kila mtoto kwa mkono wake. Alimwekea msichana wa Chundwa kipande cha mkate wa sinia kando, akidai kwamba mkono ule hautaki njaa. Binti wa askari ndiye aliyemsumbua kuliko wote, na ndiye aliyempenda kuliko wote, japo hakusema.

Lakini kila nilipogusa habari ya baada ya eda, alijifunga. Zilipobaki wiki mbili nikaamua kumwambia wazi. Watoto walikuwa na zamu ya kupiga pembe zenyewe siku ya kufunga shule, mbele ya mama zao. Nikamwomba aje asimame mbele yao.

"Wewe ndiwe mwalimu wao."

"Mama mkubwa, aliyewafundisha ni wewe."

"Mimi niliwafundisha kupepeta mtele." Akanishika mkono, jambo ambalo si kawaida yake. "Usinirejeshe huko, mwanangu. Nikishika pembe, asubuhi yake nitamngojea mezani anambie ilikuwaje. Nitakaa na chai yangu nikimngojea. Sitaweza."

Nilirudi nyumbani nikakaanga samaki huku nikilia. Mume wangu aliuliza kama ni moshi. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili, kisha nikamwomba radhi.

Eda ilimalizikia siku ya Alhamisi. Sikuipanga mimi. Baada ya alasiri wanawake wa ukoo na majirani walikuwa wakusanyike kwake, isomwe dua, wanywe kahawa na halua, atoke edani. Mimi nilikuwa na fikra moja tu kichwani, asubuhi hadi mchana: azisikie pembe mara moja kabla hajakataa tena. Asikie watoto wake. Nikafungua kabati la mwalimu mkuu, nikagawa pembe na vijiti, nikawapanga safu mbili langoni kwa shule, msichana wa Chundwa mbele.

Alisita. Akazungusha kijiti mkononi. "Mwalimu," akasema, "kwani nani aolewa?"

"Nyamaza," nikamwambia, "shika safu yako."

Ningemsikiliza mtoto yule! Lakini nilikuwa na haraka, na nikiwa na haraka masikio yangu hayafanyi kazi. Tukaondoka. Mipigo ilitoka sawasawa tangu hatua ya kwanza, mbili, moja, kimya, pembe tisa zikisema kwa pamoja, na sauti zile nyembamba zikaingia juu yake bila hofu. Punda walisogezwa, wenye maduka wakatoka milangoni. Mimi nilitembea kando, mikono yangu nimeifumbata nisije nikagonga kitu, macho yamejaa machozi. Nilijiona mwalimu hasa.

Dirisha la kwanza likafunguka. "Nani aolewa leo?" Nikacheka, nikampungia mkono. La pili, "Mwenda kwa nani?" Mtu akapiga kigelegele. Watoto wadogo wakaanza kutufuata. Tulipoingia kichochoro cha kwao mama mkubwa, jirani wa ghorofa ya mbele, mwanamke mwenye ulimi ambao haupumziki hata Ramadhani, akatoa kichwa chote nje.

"Wallahi! Eda aimaliza leo, na leo leo aolewa!"

Hapo ndipo nilipozinduka. Vugo halipigwi kumkaribisha mgeni wala kumpongeza aliyefaulu mtihani. Hupigiwa bibi harusi, basi. Mlango litakaposimama, ndani yake mna mtu anayeolewa, na mji mzima unajua hivyo bila kuambiwa. Nalijua hilo tangu nanyonya. Msichana wa miaka kumi na mmoja alilikumbuka, na mimi, mwenye madaftari matatu, nikalipeleka vugo mlangoni kwa mjane saa ileile anayovua eda. Kabla ya magharibi ingesemwa Lamu yote kwamba alikuwa na mchumba aliyemweka tayari, na kwamba mume wa watu hajaoza kaburini.

"Basi!" nikapiga kelele. "Basi, nyamazeni!" Lakini nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba safu haivunjiki mpaka mlangoni, na mkono waliopewa ulikuwa wa mtu asiyependa kukatizwa. Walikwenda mpaka mlangoni wakanyamaza kwa pamoja, kijiti cha mwisho kikalia kimoja. Kamwe sijasikia vugo likisimama vizuri namna ile, na nilitamani ardhi inimeze.

Wageni walitoka na vikombe vya kahawa mikononi, wakajazana kwenye daka, pale penye viti vya mawe mbele ya mlango. Bibi mmoja akasema, "Astaghfirullah." Mama mkubwa alitoka mwisho. Alikuwa amevaa leso mpya, ananukia udi, na uso wake ulikuwa mweupe kwa kukaa ndani miezi yote ile.

"Mama mkubwa, nisamehe," nikasema. "Kosa ni langu. Nimekufedhehesha. Hawa watoto hawana wajualo."

Alinipita. Aliwatazama watoto, mmoja baada ya mmoja, akiwapitia mikono. Binti wa askari, ambaye peke yake alikuwa haelewi kuna nini, akauliza.

"Bibi, kwani tumepiga vibaya?"

"La," akasema. "Mmepiga vyema."

Kisha akakaa kwenye baraza ya daka, taratibu. Hata yule wa dirishani aliinama zaidi asikie.

"Langu mimi halikupigwa," akasema.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Akaendelea, akiongea na watoto zaidi kuliko sisi. Alituambia kwamba alipochumbiwa baba yake alikuwa taabani, akataka amwone binti yake ameolewa kabla hajafa. Nikahi ikasomwa chumbani kwa mgonjwa, watu wakisema chini chini. Siku ya pili yake mzee akafariki. "Nani apige vugo, na maiti i ndani?" Matanga yakapita, mwaka ukapita, naye ameshakuwa mke wa mtu, bibi harusi hawi mara mbili. Akaanza kuwapigia wengine. Alimnyooshea kidole jirani wa dirishani. "Wewe nalikupigia. Na wewe. Na mamako wewe, mwalimu. Nyote nimewapeleka milangoni. Mimi hapana aliyeniyia."

Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Marehemu alikuwa akinambia, kama si haya, mke wangu, ningekupigia mwenyewe, kwa kopo la rangi."

Mtu alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Nadhani ni mimi. Maisha yangu yote nimemjua mwanamke huyu. Nimeandika kila neno alilowaimbia mabibi harusi wa watu, na sikuwahi kumuuliza yeye aliimbiwa nini. Nilipiga magoti nikamshika miguu. Akaniondoa, maana nilikuwa namkanyagia leso.

Jirani wa dirishani alitoweka. Tukamsikia akishuka ngazi zake, akatokea mlangoni pa nyumba yake buibui halijamkaa vizuri kichwani, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Hapakuwa na mzaha ndani yake. Wengine wakamfuata, hata yule bibi wa astaghfirullah.

Mama mkubwa akainuka. "Rudini konani," akawaambia watoto. "Ndooni tena tangu mwanzo wa ndia." Akaingia ndani, akafunga mlango, nasi tukasikia komeo likitiwa.

Tukarudi. Safari hii wanawake walikuwa nyuma yetu kwa makofi, na madirisha yote yalikuwa wazi. Nani anaolewa? Hakuna aliyeuliza. Watoto waligonga mpaka mlangoni wakasimama. Komeo likaondolewa, mama mkubwa akatoka, ameinamisha uso kama ilivyo desturi, na alipouinua ulikuwa umelowa wote.

"Nipeni moya," akasema, akanyoosha mkono.

Binti wa askari akampa pembe yake na kijiti. Sote tukasogea tumpishe apite mbele, mahali pake pa miaka yote. Akapapita. Akaenda mpaka safu ya nyuma, akasimama kwenye nafasi ya yule mtoto, akaiweka pembe sawa mkononi.

Msichana wa Chundwa, pale mbele, aligeuka akamwona, akashtuka, akanitazama mimi aone kama inafaa.

"Usimtizame mwalimu," mama mkubwa akamwambia. "Anza, mwanangu. Sote twakungoja wewe."